Sehemu ya Altare, Sehemu ya Mtumwa: Historia Fupi ya Nyama za Ndani



Ng'ombe mmoja akichinjwa, kisu ni kimoja na damu ni moja, lakini nyama yake haipokelewi kwa heshima moja. Uko mnofu, ambao kila mtu huutazama kwa furaha, na ziko zile tunazoziita nyama za ndani: ini, moyo, figo, mapafu, wengu, utumbo, hata ubongo, na kwa kuku ile firigisi. Juu ya hizi za pili watu hawajapatana tangu zamani. Taifa moja huzila kwanza, taifa jingine huwatupia mbwa. Katika nyumba moja ni chakula cha mgeni. Katika nyumba ya jirani ni aibu kumwekea mgeni sahani ya namna hiyo.

Katika tafakari hii tunapenda kufuata historia ya jambo hili dogo, kwa sababu nyuma yake limejificha jambo kubwa. Mtoto hazaliwi akichukia figo. Huzaliwa na njaa tu, kisha hutazama uso wa mama na wa baba, akajifunza kipi cha kupokea na kipi cha kukunjia uso. Tukielewa dharau hii ilitoka wapi, tutaelewa pia jinsi ya kufundisha upya pale penye haja. Na haja ipo, maana katika jumuiya zetu wako watoto na mama wajawazito wanaopungukiwa damu, na ini, lenye madini ya chuma kwa wingi, mara nyingi huwapita likaenda kwa mwingine.

Sehemu iliyotengwa kwa Mungu

Tukianza na watu wa kale, dharau haionekani. Huko Babeli makuhani walilichunguza ini la kondoo wa sadaka, wakiamini kwamba miungu imeandika humo habari za vita na mavuno. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamevumbua maini yaliyofinyangwa kwa udongo, yenye mistari na maandishi ya kuongoza kazi hiyo. Nabii Ezekieli, katika sura ya 21, anamwonyesha mfalme wa Babeli amesimama kwenye njia panda, akitazama ini ili ajue aelekeze wapi jeshi lake. Na katika Italia, mwaka 1877, karibu na mji wa Piacenza, lilifukuliwa ini la shaba nyeusi lililochorwa majina ya miungu ya Waetruski.

Waisraeli walikatazwa uaguzi wa namna hiyo, lakini hawakuzidharau nyama za ndani. Kitabu cha Walawi, katika sura ya 3, kinaagiza kwamba katika sadaka ya amani mafuta yanayofunika matumbo, figo zote mbili na sehemu ya ini vitolewe kwa moto juu ya altare. Vilikuwa fungu la Bwana. Mwanadamu hakuruhusiwa kuvigusa kama chakula. Nacho Kumbukumbu la Torati, katika sura ya 18, kinataja haki ya kuhani katika kila mnyama wa sadaka: mguu wa mbele, mataya mawili na tumbo. Tumbo hilo, ambalo leo wengi wetu tunalihesabu kuwa chakula cha mwisho, lilikuwa sehemu ya riziki ya mtumishi wa altare.

Wayunani nao walikuwa na utaratibu wao. Mnyama alipotolewa sadaka, moyo, ini, mapafu, wengu na figo vilichomwa kwenye vijiti na kuliwa kwanza, na wale waliosimama karibu kabisa na altare. Mnofu ulikuja baadaye, ukagawiwa kwa umati. Nyama hizo za ndani waliziita *splanchna*. Waliamini pia kwamba humo ndimo yanamokaa maumivu na mapendo ya mtu. Na kutokana na neno hilohilo kikazaliwa kitenzi walichokitumia Wainjili waliposema kwamba Yesu aliwaonea watu huruma. Sisi wasemaji wa Kiswahili hatushangai, kwa kuwa nasi tunasema kwamba maneno makali hukata maini.

Warumi walizidi katika upishi. Walikuwa wakiwalisha wanyama tini ili ini lao linenepe na kuwa tamu, nalo ini hilo wakaliita *iecur ficatum*, maana yake ini la tini. Miaka ilipopita neno la ini lenyewe likasahauliwa, likabaki lile la tini peke yake. Kutokana nalo Waitalia wana *fegato*, Wahispania *hígado*, Wareno *fígado*, na Wafaransa *foie*. Hivyo mtoto wa Kongo anayejifunza darasani neno *foie* anataja tunda la Warumi bila kujua, na neno lake ni ushuhuda kwamba hapo zamani ini lilikuwa chakula cha meza ya tajiri.

Jinsi heshima ilivyogeuka dharau

Ni kitu gani basi kilichoiteremsha nyama hii kutoka altareni? Tunaona sababu tatu.

Ya kwanza ni maumbile yake. Nyama za ndani huharibika upesi kuliko mnofu. Zinataka kuliwa siku ileile, na watu walio karibu na mahali pa kuchinjia. Kijijini hilo si shida, maana mchinjaji na mlaji ni majirani.

Ya pili ni soko kubwa. Mwaka 1865 katika mji wa Chicago, nchini Marekani, yalifunguliwa mazizi makubwa ya kukusanyia mifugo ya kuchinjwa, na miaka michache baadaye yakaja mabehewa ya reli yenye barafu. Tangu hapo ng'ombe aliweza kuchinjwa mahali pamoja na mnofu wake kuliwa umbali wa mamia ya kilometa. Mlaji wa mjini hakumwona tena mnyama mzima. Aliona kipande kilichokatwa vizuri dukani. Vile vya ndani, vinavyokumbusha kwamba kiumbe kilikuwa hai, vilianza kumtia kinyaa.

Ya tatu, nayo tunaiona kuwa nzito kuliko zote, ni mpango wa kuketi mezani. Katika Uingereza ya zamani, kulungu alipowindwa, paja lilikuwa la bwana, na nyama za ndani mara nyingi ziliwaendea watumishi. Katika mashamba ya kusini mwa Marekani, wakati wa utumwa, nguruwe alipochinjwa bwana shamba alichukua paja na mgongo, na mara nyingi watumwa waliachiwa utumbo, miguu, masikio na kichwa. Mnyonge hakuzichagua nyama hizo. Alipewa kwa sababu aliyekuwa juu yake amezikataa. Kisha yule wa juu akageuka na kusema kwamba nyama ni duni kwa kuwa huliwa na watu duni. Hukumu ilianzia kwa mlaji, ikaishia kwenye chakula.

Hata hivyo wale waliopewa masalio hawakuyaacha yawe masalio. Akina mama watumwa, wazao wa watu waliotekwa Afrika ya Magharibi na pia katika nchi za Kongo na Angola, waliusafisha utumbo ule kwa maji mengi na uvumilivu mwingi, wakautia viungo, wakaupika kwa saa nyingi. Karne moja baada ya utumwa kukomeshwa, katika miaka ya 1960, wajukuu wao walikiita chakula cha namna hiyo chakula cha roho, wakakiweka mezani kwa fahari kama urithi wa wazazi. Waskoti nao wana *haggis*, yaani moyo, ini na mapafu ya kondoo yaliyokatwakatwa na kuchanganywa na nafaka, kisha kupikwa ndani ya tumbo la mnyama. Mshairi wao Robert Burns alikitungia shairi la sifa mwaka 1786, na hadi leo kila tarehe 25 Januari kinapokewa mezani kwa heshima ya taifa.

Ini linaponya

Kabla ya kufika kwenye vita, tutaje tukio moja la hospitali. Mwanzoni mwa karne ya ishirini kulikuwa na ugonjwa wa kupungukiwa damu uliowaua karibu wote walioupata. Kwa Kifaransa huitwa *anémie pernicieuse*. Mmarekani George Whipple alikuwa akiwachunguza mbwa waliopunguzwa damu, akaona kwamba chakula kilichoirudisha damu upesi kuliko vingine kilikuwa ini. Madaktari wawili wa Boston, George Minot na William Murphy, waliwapa wagonjwa wao ini, na mwaka 1926 wakatangaza habari za wagonjwa 45 waliokula ini jingi kila siku na kupata nafuu. Mwaka 1934 watatu hao walipewa tuzo ya Nobel. Kiini chenyewe kilichofanya kazi hiyo, vitamini B12, kilipatikana mwaka 1948.

Tuufikirie mshangao wa siku zile. Sehemu ya ng'ombe iliyokuwa ikiuzwa kwa bei ya chini ndiyo iliyomwinua mtu kutoka kitanda cha kifo. Mtume Paulo, katika Waraka wa kwanza kwa Wakorinto, sura ya 12, anafundisha kwamba viungo vya mwili vinavyodhaniwa kuwa dhaifu ndivyo vinavyohitajika zaidi. Alikuwa akisema juu ya Kanisa. Lakini madaktari wa Boston wangemwelewa.

Vita, wake wa Iowa na somo la mwalimu Lewin

Marekani ilipoingia katika Vita vya Pili vya Dunia, mnofu ulitakiwa kwa askari na kwa mataifa rafiki. Mwezi Machi 1943 nyama ilianza kugawiwa raia kwa kipimo. Serikali ilikuwa imekwisha kuona hatari hiyo; tangu mwaka 1940 ilikuwapo kamati ya wataalamu ya kuchunguza desturi za ulaji, na katibu wake wakati wa vita alikuwa Margaret Mead, mtaalamu mashuhuri wa mila za watu. Swali lao lilikuwa wazi: nyama za ndani zipo, zina nguvu ya kujenga mwili, bei yake ni nafuu, mbona watu hawazili? Wafanyabiashara walijaribu hata kuzibadilisha jina, wakaziita nyama za aina mbalimbali, ili sikio lisishtuke. Jina jipya peke yake halikutosha.

Katika jimbo la Iowa alikuwako mwalimu Kurt Lewin, Myahudi aliyezaliwa mwaka 1890 katika nchi iliyokuwa Prusia, na aliyekimbilia Marekani mwaka 1933 Hitler aliposhika utawala. Lewin alisema hivi: chakula hakifiki mezani kwa nguvu zake chenyewe. Hupita katika njia fulani, dukani au bustanini, kisha ghalani, kisha jikoni, na katika kila njia kuna mlinda mlango. Katika nyumba za Iowa mlinda mlango alikuwa mama. Kama mama hakununua moyo wa ng'ombe, mume na watoto hawatauona, wautake wasiutake. Kwa hiyo asemezwe mama.

Lakini asemezwe kwa namna gani? Hapo ndipo Lewin na wenzake walipofanya jaribio ambalo sisi tuliopitia masomo ya ualimu tungependa kila mwalimu na kila katekista alifahamu. Walichukua vikundi sita vya akina mama waliojitolea katika mafunzo ya Msalaba Mwekundu, kila kimoja chenye watu 13 hadi 17. Walitaka wapike moyo wa ng'ombe, figo, na zile tezi laini za ndama ambazo Wafaransa huziita *ris de veau*.

Vikundi vitatu vilipewa hotuba nzuri. Mhadhiri alieleza jinsi chakula hicho kinavyosaidia taifa katika vita, akataja vitamini na madini, akaonyesha michoro, akasifu unafuu wa bei, akasimulia jinsi yeye mwenyewe alivyoipikia familia yake, akagawa karatasi za mapishi. Akina mama walisikiliza kwa makini.

Vikundi vitatu vingine havikuhubiriwa. Kiongozi alieleza shida ya taifa kwa ufupi, kisha akawaachia akina mama wenyewe waseme: mnadhani ni vizuizi gani vinavyowazuia wanawake kama ninyi? Wakaanza kusema. Mume atakataa. Harufu inajaa nyumba wakati wa kupika. Wakajibizana, wakapimana, na walipokwisha kuingia katika jambo hilo kwa moyo, ndipo walipopewa mapishi yaleyale. Mwishoni waliulizwa ni nani aliye tayari kujaribu nyama mojawapo katika juma linalofuata, wakainua mikono mbele ya wenzao. Muda wa kikao ulikuwa sawa na ule wa hotuba.

Baadaye nyumba zao zilifuatiliwa. Kati ya waliosikiliza hotuba, asilimia 3 tu walikuwa wamepika nyama mojawapo ambayo hawajawahi kuipika. Kati ya waliojadiliana na kuamua pamoja, walikuwa asilimia 32.

Tusiikuze hesabu hii kupita kiasi. Vikundi vilikuwa vidogo, na hata katika upande uliofaulu, zaidi ya nusu hawakubadilika. Tena vita vilipokwisha na mnofu kurudi sokoni kwa wingi, Wamarekani wengi waliurudia. Lakini tofauti kati ya 3 na 32 inabaki na uzito wake. Wale wa hotuba hawakukosa maarifa. Pengine walitoka wakijua mengi kuliko wenzao. Walichokosa ni nafasi ya kukitaja kizuizi chao kwa sauti, na kugundua kwamba jirani anacho kilekile. Kinyaa ni jambo lililopandwa na watu wakiwa pamoja, na huenda ni vigumu kuking'oa kwa mtu aliyeketi peke yake akisikiliza.

Si kila hofu ni dharau

Tungepotosha ndugu zetu kama tungesema kwamba kila anayekataa nyama za ndani amefundishwa vibaya. Watu wa nchi za barafu huko kaskazini, Wainuiti, walijua tangu mababu kwamba ini la dubu mweupe haliliwi. Mwaka 1597 mabaharia Waholanzi waliokwama huko walilila. Wakaugua sana, na ngozi ikawatoka. Leo tunajua sababu: ini hilo lina vitamini A nyingi kupita uwezo wa mwili wa mwanadamu. Katika Uingereza, mwaka 1986 uligunduliwa ugonjwa wa ubongo wa ng'ombe, na mwaka 1989 serikali ikakataza ubongo, uti wa mgongo na baadhi ya nyama za ndani za ng'ombe zisiingie katika chakula cha watu. Mwaka 1996 ikatangazwa kwamba yaelekea ugonjwa huo umewapata wanadamu. Marekani nayo tangu mwaka 1971 haikubali mapafu ya mifugo kuwa chakula cha watu, ndiyo sababu *haggis* ya Waskoti wenyewe haiingii huko.

Kwa hiyo kuna kukataa kwa hekima na kukataa kwa majivuno, na yatupasa kuvitenganisha. Anayekagua ini la mnyama kabla ya kulipika, akalitupa kwa kuwa lina minyoo au vidonda, ametenda vema. Anayesema katika kliniki kwamba mama mjamzito ale ini kwa kiasi, wala asilile kila siku, kwa ajili ya vitamini A ileile, anasema kweli. Anayelikataa kwa sababu jirani yake maskini hulila, huyo hana sababu ya afya wala ya imani. Sisi Wakristo tulikwisha kufunguliwa katika jambo hili: Petro kule Yafa, katika sura ya 10 ya Matendo ya Mitume, alionyeshwa vyakula ili afundishwe juu ya watu.

Sahani katika nyumba zetu

Inabaki tujitazame. Kwetu nyama za ndani hazidharauliwi na wengi. Utumbo una wapenzi wake, na ini la mbuzi halikai sokoni hadi jioni. Mpango wetu wa mezani una sura nyingine. Katika nyumba nyingi za Afrika ya Kati na ya Mashariki firigisi ya kuku ni ya baba, na mke aliyemnyima mumewe firigisi ametafuta kesi. Kwa Wabaganda, jirani zetu wa Uganda, mila ya zamani ilimzuia mwanamke hata asile kuku wala yai. Hapa ni heshima inayogawa, na aliye chini hukosa vilevile.

Hatusemi baba anyang'anywe heshima yake. Firigisi moja ni ndogo, haitamwokoa mtoto wala kumpoteza. Lakini mkono unaozoea kupeleka firigisi upande mmoja hupeleka na ini upande huohuo, na moyo, na mchuzi mzito. Mama aliyejifungua juzi na mtoto aliyeachishwa ziwa hupata kile kinachobaki, nao ndio wanaojenga damu. Kama Lewin alisema kweli, badiliko hili halitaletwa na mahubiri yetu, hata yakiwa marefu. Litaletwa na watu wa jumuiya wakiketi pamoja, akina baba wakiwemo, wakisema wazi kinachowazuia, na kuamua mbele ya wenzao.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Katika nyumba zetu, ni sehemu gani ya nyama hupewa nani? Nani aliutufundisha mpango huo, na kwa sababu gani?

2. Ni chakula gani tunachokidharau kwa kuwa huliwa na watu fulani, wala si kwa kuwa kina madhara?

3. Kitu gani kinatuzuia kuwawekea kwanza mama mjamzito na mtoto mdogo sehemu ya ini katika juma hili? Kila mmoja aseme kizuizi chake, kisha walio tayari kujaribu wainue mikono.